Wanachama wanalipa kwa siku, jina linalipwa kwa dola

Mtu mwenye milioni mia mbili Tabora ana njia tatu za kuziweka ambazo hata jirani yake anazielewa: nyumba za kupangisha Ipuli au Cheyo, lori la mizigo, au biashara ya tumbaku. Siku hizi inatajwa ya nne, hasa na wastaafu waliopata mafao yao na vijana waliorudi kutoka Dar es Salaam, nayo ni studio ya mazoezi yenye jina la kigeni. Mtu ameona kule Masaki chumba cha vioo kimejaa akina dada wenye mikeka, ameuliza bei ya mwezi, ameizidisha mara mia mbili kichwani, na tangu siku hiyo haambiliki.

Tuelewane kwanza kinachouzwa. Hii si jimu ya vyuma tuliyoizoea mitaani, yenye benchi, dambeli na spika moja kubwa, ambako kijana anaingia na hela ya siku anapiga tizi hadi achoke. Studio ya aina hii ni ukumbi mdogo wenye zoezi la aina moja: Pilates peke yake (mazoezi ya taratibu ya kuimarisha misuli ya kiwiliwili), au baiskeli za ndani, au mizunguko ya dakika 45. Watu huingia kwa kipindi, kumi na tano au ishirini hivi, kila mmoja amejiandikisha mapema, na kocha anawaongoza mwanzo hadi mwisho. Bei iko juu kwa sababu nafasi ni chache. Na nyingi za studio hizi huko zilikoanzia huuzwa kwa franchaizi: mwenye chapa anakupa haki ya kutumia jina, rangi, ratiba za mazoezi, mafunzo ya makocha na programu ya kusajili wanachama, nawe unaleta jengo, vifaa, wafanyakazi na hasara ikitokea.

Mfumo wenyewe si mgeni kwetu. Soda za kampuni kubwa za Marekani zimejazwa nchini miaka mingi na kampuni za ndani zenye haki kama hiyo, na kuna waliotajirika. Ila soda inapakiwa kwenye lori ikafuate wanywaji Nzega na Kaliua. Studio haihami. Imefungwa na mji ulipo, na mji huo ukiwa na wateja mia moja wa kweli, hao mia ndio biashara yote.

Msimamo wangu ni kwamba kwa mji wa ukubwa wa Tabora mikataba mingi ya namna hii, ilivyoandikwa kwa ajili ya miji ya Marekani na Australia, haifai kusainiwa. Mazoezi watu wanayapenda. Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais alitangaza mwishoni mwa 2016 kuwa Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi, na klabu za jogingi zimeota nchi nzima. Presha na kisukari vimewafanya hata wasiopenda jasho wavae raba. Tatizo liko kwenye hesabu ya mkataba.

Sehemu ya kwanza ya kusoma ni mrabaha, yaani fungu la mauzo analokatiwa mwenye chapa. Chapa kubwa hutoza kwa kawaida kati ya asilimia 6 na 8, halafu asilimia 2 hivi ya mfuko wa matangazo, na zote zinakatwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Ukiuza milioni saba ukabaki na hasara ya laki tano, mrabaha bado unadaiwa kamili. Baadhi ya mikataba huweka na kima cha chini: hata ukiuza kidogo kiasi gani, kila mwezi kuna kiasi lazima kiende. Dereva wa bodaboda anayeendesha chombo cha mtu anaijua hali hiyo, kwa sababu hesabu ya bosi inatakiwa jioni, abiria wawepo wasiwepo. Afadhali yeye, mkataba ukiisha pikipiki inakuwa yake. Kwenye franchaizi miaka kumi ikiisha jina linarudi kwa mwenyewe, nawe unalipa ada nyingine ukitaka kuendelea.

Kabla ya mrabaha kuna ada ya kuingia. Kwa chapa zinazojulikana ni kama dola 50,000 hadi 60,000, yaani kwa dola ya shilingi 2,500 ni milioni 125 hadi 150, na hapo hujanunua mkeka wala kupaka rangi ukuta. Kwa nchi kama yetu bei hujadiliwa, na mara nyingi utakayezungumza naye si mwenye chapa bali mtu aliyenunua haki ya nchi nzima, sasa anaikatakata kwa mikoa. Muulize mapema mkataba wake na makao makuu unakwisha lini, na ukivunjika wako unakuwaje. Kama hana jibu lililoandikwa, ujue unanunua tawi la mti ambao mizizi yake hujaiona.

Sasa tukae na karatasi. Ukumbi una nafasi 15 kwa kipindi. Vipindi vinavyojaa Tabora ni vinne kwa siku: saa 12 asubuhi, kisha saa 11, saa 12 na saa 1 jioni. Saa nne asubuhi mtu yuko ofisini au dukani, usijidanganye. Vinne mara siku sita mara watu 15 ni nafasi 360 kwa wiki. Mwanachama anayekuja mara tatu kwa wiki anakula nafasi tatu, kwa hiyo ukumbi uliojaa pomoni unabeba watu 120. Hilo ndilo dari, na hakuna tangazo linaloweza kulipandisha.

Tuseme kila mmoja analipa 60,000 kwa mwezi. Mauzo ni milioni 7.2. Tuweke gharama kwa makadirio ya upole: pango milioni 1.2, makocha wanne kwa 500,000 kila mmoja, milioni 2, mapokezi na usafi 600,000, mchango wa mwajiri NSSF kwa asilimia 10, 260,000, umeme, maji na intaneti 500,000, mlinzi 250,000, programu ya usajili na ratiba inayotozwa na chapa, tuseme dola 300, ambazo ni 750,000. Jumla milioni 5.56. Halafu mrabaha wa asilimia 7.

Mrabaha unaokwenda nje una kodi ya zuio, inayokatwa kabla fedha haijatumwa, ya asilimia 15, na mikataba mingi ina kifungu kidogo kinachosema mwenye chapa apokee fedha yake kamili, kodi zote zibebwe na mnunuzi. Kwa hiyo ile asilimia 7 inageuka 8.2 mfukoni mwako. Kwa mauzo ya milioni 7.2 ni kama 593,000, na mfuko wa matangazo 144,000. Matangazo yenyewe kumbuka yatarushwa Sydney au Los Angeles. Mama wa Isevya hatayaona.

Ondoa vyote hivyo. Ukumbi uliojaa, bila hata nafasi moja tupu, unakuachia kama 900,000 kwa mwezi kabla ya kodi ya mapato, kabla ya matengenezo, kabla ya kurudisha hata senti ya mtaji. Kama ada ya kuingia uliikopa benki, milioni 150 kwa riba ya asilimia 16 kwa miaka mitano, rejesho la mwezi ni karibu milioni 3.65. Ili ulipe hilo tu bila kubaki na kitu, kila mwanachama angetakiwa kulipa zaidi ya 85,000, na vifaa bado hujanunua. Ukiweka na vifaa umevuka laki moja. Kima cha chini cha mshahara wa serikali kilipopandishwa Julai 2025 kilifika 500,000. Mtumishi wa ngazi hiyo hatatoa moja ya tano ya mshahara kwa ajili ya Pilates, na wa ngazi ya juu yake ana ada za shule.

Hapo muuzaji atakwambia Tabora ni kubwa, na kweli sensa ya 2022 inaipa Manispaa watu takribani laki tatu. Mimi nisingeanza na laki tatu, ningeanza na mishahara. Hesabu wafanyakazi wa Hospitali ya Rufaa ya Kitete, mahakama, mabenki, reli, vyuo, halmashauri na ofisi ya mkoa. Toa wanaoishi mbali na mjini, toa wanaokimbia bure asubuhi, toa wanaojenga, kwa maana anayejenga hana fedha ya kitu kingine. Askari wa Milambo wana mazoezi yao na hawayalipii. Wanafunzi wa vyuo watakuja, lakini watakuja na hela ya siku, na likizo ikianza wanapanda mabasi. Wafanyabiashara wa tumbaku fedha yao ina msimu: masoko yakifunguliwa mji unachangamka, yakifungwa kuna miezi ambayo hata saluni zinalia. Unaobaki nao ni mia kadhaa, na katika hao unahitaji 120 waliokubali kulipa kila mwezi, mwaka mzima, bila kuruka.

Neno bila kuruka ndilo lililobeba biashara yote, na ndipo mfumo huu unapoachana kabisa na maisha yetu. Studio za huko nje zinaishi kwa makato ya kadi. Mtu anasaini, benki inakata kila mwezi, aje asije. Mwanachama aliyeacha kuja Februari anaweza kuendelea kulipa hadi Juni kwa uvivu wa kwenda kufuta. Makadirio ya mapato utakayoonyeshwa yamejengwa juu ya huyo asiyekuja. Ndiye anayewezesha studio yenye nafasi za watu 120 kuuza uanachama kwa 200. Tabora mtu analipa kwa lipa namba, au mkononi, siku anayokuja. Akisafiri kwenda kwenye msiba Sikonge wiki mbili, wiki mbili hizo hujalipwa. Akiacha, anaacha kimya, hakuna fomu ya kufuta wala kadi ya kukata. Huna asiyekuja anayelipa. Una anayekuja tu, na kila anayekuja anachukua nafasi.

Sioni ubaya wa desturi hii, kwa mteja ni haki tupu. Lakini mkataba uliopangwa kwa makato ya kadi hauwezi kusimama juu yake, na programu utakayolazimishwa kuilipia kwa dola kazi yake kubwa ni hayo makato. Muulize anayekuuzia, mbele ya mwanasheria, kama unaruhusiwa kuuza kwa siku na kwa wiki, na kama mfumo wao unapokea malipo ya simu. Chapa inaweza kukataza bei ya siku kwa sababu inaonekana kuchafua hadhi ya jina. Ukikatazwa hilo, umekatazwa Tabora.

Historia ya biashara hii ina mfano ambao ningependa kila mnunuzi aujue. Curves ilianzia Harlingen, Texas, mwaka 1992, na ikaanza kuuza franchaizi mwaka 1995. Wazo lake lilikuwa zuri hata kwa macho ya leo: wanawake peke yao, mzunguko wa dakika 30, ukumbi mdogo wa pango dogo, miji midogo ambayo jimu kubwa ziliidharau. Kwa muongo mmoja tu ilifikisha matawi karibu 10,000 duniani. Kisha Marekani yakaanza kufungwa kwa maelfu. Matawi yalikuwa yamewekwa karibu karibu mno yakagawana wateja walewale, jimu za bei poa za saa 24 zikaja, na wanawake waliochoka mzunguko uleule hawakuwa na sababu ya kubaki. Mwenye chapa alikuwa ameshapokea ada za kuingia za matawi yote hayo. Wenye matawi, wengi wao wanawake wa miji midogo waliotoa akiba zao, ndio waliobaki na mikataba ya pango.

Lakini jina hilohilo Japani limeshamiri. Lina matawi yanayokaribia 2,000, wateja wengi ni wanawake wa zaidi ya miaka 50, na mwaka 2018 kampuni ya Kijapani iliyokuwa ikiliendesha huko ikainunua Curves yenyewe ya Marekani. Waliolichukua walilipinda lifuate watu wao: wazee, mazoezi ya kulinda magoti na mifupa, wahudumu wanaomfahamu mteja. Funzo ninalochukua hapo ni la kibiashara kabisa. Ukiweza kuupinda mfumo, unaweza kuishi. Mkataba unaokuzuia kuupinda ni mkataba wa kukufungia ndani.

Mifano ya karibuni ni mikali zaidi. F45, chapa ya Australia, iliingia soko la hisa la New York Julai 2021 kwa dola 16 kwa hisa. Mwaka mmoja baadaye ilitangaza kushusha makadirio ya matawi mapya, mkuu wake akaondoka, ikapunguza karibu nusu ya wafanyakazi, na hisa zikaporomoka kwa zaidi ya asilimia 60 ndani ya siku moja. Mwaka 2023 ikatoka sokoni. Xponential ya Marekani, yenye Club Pilates, Pure Barre na nyinginezo, iliingia soko hilohilo mwezi uleule wa 2021. Mei 2024 bodi ilimsimamisha mkuu na mwanzilishi wake baada ya kampuni kuarifiwa kuwa waendesha mashtaka wa serikali wanafanya uchunguzi. Sisemi kampuni hizi hazina studio zinazofanya vizuri, zinazo nyingi. Nasema kampuni inayoahidi soko la hisa matawi mapya kila robo mwaka ina njaa ya kufungua, na njaa hiyo haihusiani na kama tawi lako litakuwa hai mwaka wa tatu.

Marekani wameliona hilo zamani, ndiyo maana wana kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho inayomlazimisha mwenye chapa kumpa mnunuzi hati ya maelezo yenye vipengele 23, angalau siku 14 kabla hajasaini au kulipa chochote. Sisi hatuna sheria maalumu ya franchaizi. Tuna Sheria ya Mikataba, tuna Sheria ya Ushindani ya 2003, na tuna tabia yetu ya kusaini kwenye ukumbi wa hoteli tukiwa tumeshiba. Hakuna anayelazimishwa kukupa hati hiyo Tabora.

Habari njema, na hii ndiyo sehemu ya makala ambayo ningeikata nikaibandika ukutani, ni kwamba huhitaji akupe. Majimbo kadhaa ya Marekani, yakiwemo California, Minnesota na Wisconsin, yanaweka hati hizo wazi kwenye intaneti bure kwa chapa zilizosajiliwa huko. Ukiwa Kanyenye na simu yako na bando la kutosha unaweza kusoma hati ya chapa unayouziwa. Nenda kipengele cha 7 uone gharama zote za kuanza, si ada ya kuingia tu. Kipengele cha 3 ni kesi. Cha 19 ni mapato, na hicho mwenye chapa halazimiki kukijaza; akikijaza, tazama wastani umepigwa kwa matawi gani, maana mara nyingi ni yaliyodumu mwaka mzima, na yaliyokufa hayamo. Cha 20 ndicho kitamu kuliko vyote. Kinaonyesha kwa miaka mitatu matawi yaliyofunguliwa, yaliyofungwa na yaliyouzwa kwa mtu mwingine, na kina orodha ya wenye matawi waliotoka mwaka uliopita pamoja na mawasiliano yao. Waandikie hao. Aliyetoka hana cha kukuuzia.

Ukimaliza hati, nenda BRELA, wakala wa usajili wa biashara, uangalie kama jina lenyewe limesajiliwa Tanzania Bara kama alama ya huduma. Ulinzi wa alama ni wa nchi kwa nchi: chapa inaweza kuwa maarufu New York na hapa isiwe na mwenyewe. Kama haijasajiliwa, unalipa mrabaha kwa jina ambalo mtu wa mtaa wa pili anaweza kulibandika mlangoni kwake, na wewe huna pa kushika. Usajili wa kwanza hudumu miaka saba, kisha huhuishwa kwa miaka kumi kumi, kwa hiyo tazama na tarehe.

Kuna na suala la dola. Nusu ya pili ya 2024 dola ilipita shilingi 2,700, na kufikia mwisho wa mwaka ikawa imeshuka hadi karibu 2,400. Kwa mtu anayelipwa kwa shilingi asubuhi na anadaiwa kwa dola mwisho wa mwezi, mchezo huo unatosha kula faida yote tuliyoikokotoa. Na kama anayekuuzia ni yule mwenye haki ya nchi nzima, akiwa hapahapa nchini, akakuambia ulipe kwa dola, mkumbushe kanuni za Machi 2025 zinazokataza bidhaa na huduma za ndani kutajwa bei au kulipwa kwa fedha za kigeni. Usione haya kumkumbusha. VAT nayo ni pande mbili: mauzo yasiyofika milioni 200 kwa mwaka hayakulazimishi kusajiliwa, ambayo ni nafuu kwa wateja wako, lakini asilimia 18 uliyoilipia kwenye vifaa hairudi. Vifaa vyenyewe mkataba utakutaka ununue kwa msambazaji wao, na kikiharibika fundi wao yuko Dar, zaidi ya kilomita 800. Kwa hili tu Pilates ina heri, vitanda vyake vya springi havihitaji umeme. Studio ya mashine za kukimbilia LUKU ikiisha au umeme ukikatika saa 12 jioni, umewarudishia watu hela.

Migogoro ikitokea itasikilizwa wapi? Mikataba hii hupenda usuluhishi ughaibuni. Tanzania iko kwenye Mkataba wa New York wa kutambua maamuzi ya usuluhishi tangu 1964, kwa hiyo uamuzi uliotolewa huko unaweza kuletwa hapa ukakazwa dhidi yako. Na kama ulisaini dhamana binafsi, unakazwa kwenye nyumba, si kwenye kampuni. Wengi wanasajili kampuni wakidhani imewakinga, kumbe kiambatisho cha mwisho kabisa kimewavua.

Yote hayo tisa. La kumi ni kwamba jina la kigeni lina kazi maalumu: linamhakikishia mgeni. Mtu anayehama Chicago kwenda Dallas akiona bango analolijua anajua atapata nini. Tabora hatuna mgeni wa namna hiyo wa kutosha. Hapa watu wanamfuata kocha. Wanasema naenda kwa ticha fulani, wala hawataji jina la ukumbi. Kocha wako wa kike anayewaita wanafunzi wake mama na dada, anayejua nani ana presha na nani amejifungua miezi minne iliyopita, ndiye chapa. Akihama na spika yake kwenda ukumbi wa shule, anaondoka na watu sabini. Hakuna kifungu cha mkataba wa Florida kinachomzuia, maana kifungu cha kutoshindana kinakufunga wewe uliyesaini. Kwa hiyo fedha inayolinda biashara Tabora ni ile inayomfanya kocha asiondoke: mshahara mzuri, mchango wa NSSF unaopelekwa kweli, hata hisa kidogo. Mrabaha unazila fedha hizohizo.

Pia mji huu una ratiba yake. Mwezi wa Ramadhani kipindi cha saa 11 jioni kinakufa, na watu wanaweza kuja baada ya tarawehe au wasije kabisa. Mkataba hautambui hilo na kima cha chini kinaendelea kudaiwa. Wanawake wengi wa hapa, Waislamu kwa Wakristo, hawatatoa jasho kwenye chumba kimoja na wanaume wasiowajua, na waume zao hawatalipia. Vipindi vya wanawake peke yao, kocha mwanamke, pazia kwenye kioo cha mbele: kwa Tabora hayo ni msingi. Kwa makao makuu, kioo cha mbele kilicho wazi ni sehemu ya muundo ulioidhinishwa.

Mtu anayetaka ujuzi wa nje bila pingu hizi ana njia nyingine. CrossFit, chapa ya mazoezi makali ya mchanganyiko, haiuzi franchaizi; inatoa leseni kwa ada ya mwaka, iliyokuwa dola 3,000 kwa muda mrefu na ikapanda hadi 4,500 mwaka 2024, bila asilimia ya mauzo. Lazima uwe na cheti chao cha ngazi ya kwanza, unachagua jina lako mwenyewe, na huna ulinzi wa eneo, mwingine anaweza kufungua jirani. Zumba, mazoezi ya kucheza muziki, leseni anapewa mwalimu, si ukumbi. Les Mills ya New Zealand inauza programu za vipindi kwa jimu yoyote. Ukichukua leseni ya milioni 11 hivi kwa mwaka badala ya ada ya kuingia ya milioni 125, ile karatasi yetu ya hesabu inaanza kupumua hata kwa bei ya 45,000 na hela ya siku, mradi upunguze na ukubwa wa timu. Jina la mlangoni andikisha lako BRELA kwa ada ndogo.

Kama kuna chapa itakayokuja Tabora na mrabaha unaohesabiwa na kulipwa kwa shilingi, bila kima cha chini, bila dhamana binafsi, ada ya kuingia inayolipwa kwa awamu kutokana na mauzo, ruhusa ya bei ya siku na vipindi vya wanawake, vifaa ninunue ninakotaka, na haki ya kutoka mwaka wa pili kwa notisi ya miezi mitatu, ningekaa nayo mezani. Mpaka sasa mikataba niliyoisoma ina ukurasa mzima wa jinsi mwenye chapa anavyoweza kukuondoa, na mistari miwili kuhusu jinsi wewe unavyoweza kuondoka.